Ukoo wa Mama, Mirdif

Jumamosi ile madam, mama wa mwanafunzi wangu, aliniambia mlangoni mwa nyumba yao ya Mirdif, mtaa wa mji mmoja wa Waarabu, kwamba somo la Kiswahili la siku hiyo lingekuwa la mwisho. Binti yake alikuwa na miaka kumi na mmoja, Kiarabu chake cha shule kilisuasua, na Kiswahili, alisema kwa upole, kisingemfikisha popote. Nilikubali. Kazi yangu ilikuwa kufundisha, si kubishana.

Binti alikuwa na kazi ya shule juu ya Wacherokee, wenyeji wa Amerika wa tangu kale. Nikamwambia amsimulie kwa Kiswahili bibi yake mzaa mama, aliyekuwa sebuleni akikunja mitandio. Bibi aliondoka Unguja akiwa msichana, akapitia Maskati, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinanukia iliki.

"Walikuwa na baraza, Bibi. Wakaandika katiba. Wakabuni maandishi ya lugha yao, wakachapa gazeti."

"Wakavaa suti?"

"Wengine. Wakajenga nyumba kama za wazungu, wakaenda shule zao."

"Ndipo wakaachwa wakae kwa raha zao."

"La. Wakahamishwa kwa nguvu. Wengi walifia njiani."

Bibi alilaza mtandio mmoja juu ya mwingine. "Na mtoto kwao alikuwa wa nani?"

"Wa ukoo wa mama. Baba ndiye aliyehamia kwa mkewe. Na wanawake wakubwa walisikilizwa."

Bibi akacheka, akamgeukia madam. "Umesikia, mwanangu? Huko mimi ndiye ningekuwa mwenye neno juu ya huyu mjukuu."

"Hapa ni Mirdif, Mama. Uraia wa mtoto umefuata baba."

"Sikutaja uraia mie. Nimetaja mtoto."

"Khalas, Mama, basi. Mwalimu wa Kiarabu nishamwambia aje Jumamosi."

"Na aje. Huyu wa Kiswahili atakuja Ijumaa, chumbani kwangu."

"Ijumaa tunakula kwa babu yake."

Alimaanisha upande wa baba, ambako Kiswahili hakikuzungumzwa. Madam alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeleta habari za Wacherokee nyumbani kwake. Binti alikuwa ameacha kuandika.

"Nendeni nyinyi," Bibi alisema. "Mtoto atabaki na mimi."

Hakuna aliyeniambia nije wala nisije. Ijumaa nilipanda treni ya metro kutoka kwangu Karama hadi kituo cha Rashidiya, nikachukua teksi, kwa kuwa dereva wao, aliyezoea kunichukua, hakupokea simu. Gari la familia halikuwepo. Binti alinifungulia mlango mwenyewe, daftari mkononi.