Kipengele kimoja cha mtaala wa shahada ya uvuvi kilivyonipandisha kipe Ziwa Tanganyika

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo, wenye kazi na tunaosubiri pensheni.

Juzi humu mlikuwa mnabishana kwamba mitaala ya vyuo vyetu huandikwa na watu waliojifungia hotelini, wanakula keki na kukopi vya Ulaya. Nimesoma comments zote. Nikacheka, nikakasirika kidogo, mwisho nikaona na mimi nitoe yangu.

Mimi ni mama mstaafu. Niliwahi kuwa katibu wa kamati iliyoandaa mtaala wa shahada ya kwanza ya sayansi ya uvuvi, Kigoma, miaka ile ya wakimbizi. Hii siyo chai. Majina nimebadilisha na chuo sikitaji, mengine yote ni kama yalivyonikuta.

Kwanza mnijue. Nimezaliwa Same, upande wa tambarare, kule maji tunayaona kwenye ndoo. Nilisomea samaki wa kufuga, wale wa mabwawani, ambao ukitaka kuwaona unainama tu. Kuogelea sijui mpaka leo, na kwenye maji marefu naogopa vibaya sana.

Sasa mtu kama huyo ndiye akapangiwa Kigoma.

Kigoma ya wakati ule ilikuwa imejaa. Vita ng'ambo ya ziwa kule Kongo, vita Burundi, kambi zimefurika, mjini magari meupe ya mashirika yanapishana kutwa nzima. Nyumba za kupanga Katubuka zilikuwa zinagombewa na wageni wenye redio za mkononi, mimi nikapata vyumba viwili vya uani na nikashukuru. Ukumbi wa mikutano ndiyo usiulize, kila ukumbi una semina ya mashirika.

Kamati yetu ilikuwa na kazi moja kubwa. Shahada ifunguliwe kwenye kituo chetu cha Kigoma, ili vijana wa kule wasome uvuvi wakiwa kando ya ziwa lenyewe.

Mwenyekiti wetu, nitamwita Dokta, alikuwa Mhaya mpole, mwenye heshima zake, asiyependa ugomvi hata na nzi. Tulikubaliana naye karibu kila kitu: biolojia ya samaki, takwimu, sheria, usindikaji, uchumi wa uvuvi. Kulikuwa na mjumbe mmoja aliyeng'ang'ania tuweke somo la meli za bahari kuu kwa sababu lilikuwepo kwenye mtaala wa chuo alichosoma yeye. Tulilitoa kwa mbinde.

Na tuliweka somo moja ambalo mimi ndiye niliyeliandika kwa mkono wangu. Mafunzo ya Vitendo Ziwani, mwaka wa pili, la lazima kwa wanafunzi wote. Mwanafunzi apande kipe na wavuvi, akeshe nao, apime samaki hapohapo wanapotoka majini.

Kwa msioijua, kipe ni mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti. Wavu unashushwa katikati, taa za karabai zinawashwa, dagaa wanafuata mwanga, wavu unavutwa. Ndiyo uvuvi wenyewe wa kule.

Neno "wote" ndilo lililoleta kasheshe.

Kule mwaloni, pale vyombo vinapofika kushusha samaki, mwanamke hapandi kipe. Anasubiri ufukweni na beseni lake, ananunua, anaanika, anauza. Akikanyaga chombo, wanasema, samaki wanakimbia na wavu unarudi mtupu. Kila mtu alijua hilo isipokuwa msichana wa Same.

Dokta alipogundua kwamba "wote" yangu ina wasichana ndani yake, akaja na suluhisho lake la kistaarabu. Wavulana waende ziwani, wasichana wafanye usindikaji nchi kavu, maksi zilingane.

Pale maabara tulikuwa na fundi anaitwa Skola, binti wa Kiha, mzaliwa wa Rusimbi. Ana diploma, akili kama wembe, na alikuwa anasubiri shahada hiyo ifunguliwe kama mtu anavyosubiri mvua. Kwenda kusoma Morogoro au Dar hakuweza, mama yake alikuwa mgonjwa na hana mwingine wa kumtazama. Kwake ilikuwa ni Kigoma au basi.

Nikamwambia wazo la Dokta. Akaweka chini chupa aliyokuwa anaosha.

"Madam, kwa hiyo mimi nitasomea digrii ya kuanika dagaa? Kuanika mbona nilijua hata sijaanza la kwanza!"

Akaendelea kuosha chupa zake. Mimi nilijisikia vibaya mno.

Nilienda kwa Dokta nikafoka, heshima ikiwa pembeni. Nikamwambia hizo zitakuwa shahada mbili zenye jina moja, na ofisa uvuvi ambaye hajawahi kuona wavu ukivutwa atadharauliwa maisha yake yote. Dokta akasema sawa mama, tuwaulize wavuvi wenyewe kwenye kikao cha wadau. Wakikataa, tunaandika anavyosema yeye na tunapeleka kwenye seneti.

Haki kabisa. Nikaitisha kikao.

Wakuu, kwenye kikao cha kwanza hakufika mvuvi hata wa dawa. Walikuja maofisa wa wilaya na jamaa mmoja wa shirika la misaada ambaye nadhani alikosea mlango. Wakala sambusa zote.

Nikaenda mwaloni nimevimba. Saa nne asubuhi, jua kali, nikawakuta wavuvi wote wamelala fofofo, wengine chini ya mitumbwi, wengine juu ya nyavu. Ndipo nikakumbuka. Mwezi ulikuwa haupo! Siku za giza ndizo siku zao za kazi, taa zinavuta dagaa vizuri, kwa hiyo usiku wako ziwani na mchana wanalala. Ni mbalamwezi ndiyo likizo yao. Mimi, mtaalamu wa samaki, nimepanga kikao cha wavuvi katikati ya giza. Nikageuka kimyakimya kabla hawajaamka kunicheka.

Tukangoja mbalamwezi. Ukumbi hakuna, tukaazima darasa la shule ya msingi, na safari hii walifurika mpaka madirishani. Wazee wa watu wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni.

Msemaji wao alikuwa Mzee Hamisi, nahodha na mwenye kipe chake, mtu wa Ujiji, anaheshimika sana. Alisikiliza mtaala wote mpaka mwisho. Kisha akasimama.

"Mama mwalimu, mengine yote sisi hatuna neno. Vijana waje, tutawapokea. Ila hili la wanawake kupanda, hapana. Siyo mimi ninayekataa. Ndivyo tulivyokuta."

Wanaume wakaitikia kwa vichwa. Dokta akaanza kuandika. Nikamtazama Skola aliyekuwa mlangoni akigawa maji, akatazama pembeni.

Hapo nyuma akanyanyuka mama mmoja wa Kikongo, tuliyemwalika kama mwakilishi wa wanunuzi wa dagaa. Mama Feza. Alivuka kutoka upande wa Fizi wakati wa vita, akapokelewa na ndugu zake Ujiji, akaanza kuuza dagaa. Mnene, mpole, kitenge chake safi.

"Mzee Hamisi, shikamoo. Nikuulize kitu. Ile mwaka ya vita, nani alinivusha?"

Mzee Hamisi akakohoa. "Ni mimi."

"Mu nini?"

"Kwenye kipe changu."

"Na tulikuwa wanamuke peke yangu?"

"Mlikuwa wengi. Na watoto."

"Aksanti. Sasa niambie. Kisha kutushusha, ulienda kuvua ao haukuenda?"

Mzee Hamisi akasema, taratibu, "Mama Feza, ile ilikuwa vita."

"Najua ni vita. Samaki ilijuaje kama ni vita?"

Jamani! Darasa lililipuka. Kuna mzee alicheka mpaka dawati likamshinda akakaa chini. Hata Mzee Hamisi mwenyewe alifunika uso kwa kofia yake, mabega yanatikisika.

Lakini alipoacha kucheka, alijibu kama mtu mkweli. Akasema walienda, na walipata. Akasema yeye hakuwahi kuliwaza hilo hata siku moja, maana ile miezi alivusha watu mpaka akaacha kuangalia nani mwanamke nani mwanamume.

Nikadhani tumemaliza. Bado.

"Basi tujaribu," akasema. "Giza lijalo, mama mwalimu apande kwangu. Tukirudi na kitu, andikeni hilo neno 'wote'. Tukirudi mikono mitupu, neno hilo mlifute."

Wote wakanigeukia. Mimi! Wa ndoo! Nilifungua mdomo nimwombe ampeleke Skola badala yangu, nikasikia sauti inasema "nitapanda", kumbe ni yangu.

Mama Feza akadakia, "Mwanamuke mmoja na wanaume usiku muzima? Hapana. Nakwenda naye."

Siku ya siku, jioni, ufukwe umejaa watu kama harusi. Nimevaa suruali ya kuazima na koti la kuokolea maisha ambalo Skola aliliomba kwa watu wa misaada. Mabaharia wa Mzee Hamisi wametununia. Mmoja alinyunyiza maji mbele ya chombo huku akinong'ona, sikuuliza anasema nini.

Mama Feza aliweka mguu ndani, akaurudisha, akauweka tena. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu avuke hajawahi kurudi majini. "Ile siku nililia mupaka ng'ambo. Leo nakwenda kuona samaki." Tukashikana mikono kama watoto wa chekechea.

Usiku wenyewe sitausimulia sana kwa sababu muda mwingi nilikuwa nimefumba macho. Nilitapika. Nilitapika tena. Niliomba sala zote za kanisani na nyingine za kujitungia. Hofu yangu kubwa haikuwa kuzama tena, ilikuwa ule wavu. Nilikuwa nawaza, ikiwa dagaa hawa wapumbavu wameamua kwenda kulala mapema, basi Skola wangu hana shahada na mabinti wote watakaomfuata wataanika dagaa kwa cheti.

Wavu wa kwanza ulipanda na dagaa wa kufunika kiganja tu.

Baharia kijana akatema mate majini na kututazama. Mzee Hamisi akamwambia, "Shusha wavu. Hujawahi kuona wa kwanza mbovu?" Akaongeza upepo kwenye karabai, tukasubiri tena. Mama Feza alikuwa amenibana vidole mpaka vinakufa ganzi.

Wa pili, wanaume wakaanza kuvuta na nikasikia mtu akiguna. Mguno wa mzigo. Nikafumbua macho. Dagaa walikuwa wanaruka kwenye mwanga, weupe, wamejaa tumbo la wavu, na migebuka michache, samaki wakubwa kuliko dagaa, imechanganyika humo. Mama Feza alipiga kigelegele, kisha akaziba mdomo kwa aibu, kisha akapiga tena. Baharia kijana akacheka. Mimi nikatoa rula yangu nikaanza kupima samaki huku machozi yananitoka, na vipimo vile, wakuu, nakiri havikuwa vya kisayansi hata kidogo.

Asubuhi tukarudi. Mwalo umejaa, Skola amesimama maji ya magotini na gauni lake la kazini. Nahodha wa chombo cha jirani, aliyekuwa ametangulia kushusha, akapaza sauti, "Hamisi! Vipi huko?"

Watu wote wakageukia chombo chetu.

Mzee Hamisi alikuwa anafunga kamba. Hakuinua hata kichwa.

"Kama jana," akasema.

Basi. Hakusema wengi, hakusema wachache, hakusema muujiza. Wengine siku ile walipata kutuzidi, wengine tuliwazidi. Ilikuwa ni kazi ya kawaida, na hiyo kawaida ndiyo niliyokuwa naiomba usiku kucha. Nilishuka, nikakaa palepale mchangani na kucheka kama mwendawazimu. Mzigo mzima ulinitoka kifuani. Skola akaja kukaa karibu yangu, akaniegemea tu.

Dokta aliniita ofisini, akafungua mtaala, akaweka kidole kwenye neno "wote" na kusema, "Mama, hili libaki." Seneti walipitisha bila hata kuuliza. Walibishana zaidi kuhusu aina ya herufi.

Skola aliingia na kundi la kwanza. Alimaliza.

Sijasema mila zote za mwaloni ziliisha siku hiyo, tusidanganyane. Manahodha wengine waliendelea kukataa kwa muda mrefu, na wanafunzi wetu wa kike tulikuwa tunawapeleka kwa Mzee Hamisi na wenzake waliokubali. Lakini neno lilibaki kwenye karatasi, na hakuna aliyeweza tena kumwambia binti abaki ufukweni kwa kisingizio kwamba ndivyo chuo kilivyoandika.

Nilichojifunza: mtaala ni rahisi sana kuuandika ukiwa umekaa. Ukiandika "lazima", hakikisha wewe mwenyewe unaweza kulifanya hilo jambo, hata kwa kutapika. Na kwenye kikao cha wadau, usiwaalike wakubwa tu. Mwalike na yule aliyewahi kuvushwa.

Haya, uwanja ni wenu. Mliopita kwenye vitendo vya ziwani, kule Kigoma au kwingineko, leteni yenu tusome. Na kama ulitapika, sema tu bila aibu, mama yenu nilitangulia.