Kiganja Kimoja Kwenye Majivu

Nikisikia harufu ya majivu ya kuni, hata kama ni ya jirani anayechoma nyama uani kwake, narudi pale pale: jikoni kwetu nyumbani kwa Muzee Arthur, mbele kidogo ya Castle Vale, mahali ambapo Birmingham inaishia na mashamba yanaanza. Nilikuwa na miaka kumi. Mama yangu alikuwa amepata kazi ya kumtunza mzee huyo wa Kiingereza aliyevunjika nyonga, na kazi ilikuja na makazi: vyumba viwili vilivyoshikana na nyumba yake, jiko la chuma la kuni, kuku kumi na mmoja, kondoo sita, na uwanja wa matope. Tulikuwa wawili tu, maana Baba tulimzika kijijini kwetu Masisi kabla ya kuikimbia nchi. Ukipanda juu ya lango la kondoo uliyaona maghorofa ya Castle Vale tulikokuwa tukiishi mwanzo, na Mama alipenda kuyaonyesha kwa kidole akisema, "Kule tulikuwa tunakaa hewani, Furaha. Hapa tuna udongo." Wenzetu wa kanisani, Aston, walituhurumia eti tumepelekwa porini. Huruma yao wangebaki nayo! Nilikuwa mtoto pekee katika darasa langu aliyekuwa na kondoo.

Mama aliingia nchi hii na Biblia, na mimi, na fundo la kitambaa lenye maharagwe ya bibi yangu. Yalikuwa mekundu yenye madoa meupe, ya aina inayotambaa juu ya miti, na bibi aliyapokea kwa mama yake. Sasa bibi alikuwa amefariki, kijiji kilikuwa kimehamwa, na hapakuwa na mtu wa kututumia mengine. Yale ya kwenye fundo yakipotea, yamepotea duniani. Kwenye ghorofa ya kumi na moja Mama hakuwa na pa kuyapanda, kwa hiyo alikuwa akiyafungua kila Jumapili jioni, anayanusa, anayafunga tena.

Basi mwezi wa kumi mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Kwetu Masisi hiyo si habari ya kujadili: mvua ikishika, unapanda. Mama akachukua jembe na mimi nikamfuata na kitambaa. Muzee Arthur akafungua dirisha la chumba chake, akatutazama kwa muda, kisha akaniita, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa boma lile. "Mwambie mama yako," akasema, "amechelewa miezi mitano au amewahi miezi saba. Achague." Nikafikisha. Mama akacheka hadi akaegemea mpini. "Muzee huyu! Mvua imenyesha, udongo umelainika, tunangoja nini tena? Parapanda?" Nilimtafsiria mzee kwa adabu zaidi kidogo. Akafunga dirisha.

Maharagwe yaliota, tena vizuri, na kwa siku kumi Mama alitembea uwanjani kama mwenye nchi. Kisha asubuhi moja tukaamka kila kitu ni cheupe na kimya, nyasi zinavunjika chini ya viatu, na miche yote imelala chini, myeusi, imeiva kama mboga iliyosahauliwa motoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Mama alivunjika siku ile. Aling'oa mche mmoja, akausafisha mizizi, akauweka mfukoni mwa koti, akaenda kumpikia mzee uji wake. Nilitamani Muzee Arthur aseme neno la kejeli ili nimchukie. Alikula uji wote na kusema asante.

Lakini kwetu kuna desturi, na hapa ndipo ninapoanza kujisifu. Mkulima wa Masisi hapandi mbegu yote hata mvua ikija na mkataba. Kiganja kimoja hubaki, huchanganywa na majivu makavu ili wadudu na unyevu visikiguse, na huwekwa juu karibu na moto. Akiba haiozi. Mama alikuwa amefanya hivyo bila kuniambia, kwenye kopo la biskuti juu ya rafu ya jiko. Baada ya barafu ile alilishusha, akanionyesha mbegu ishirini na tatu, akasema, "Hizi ndizo bibi yako aliyebaki. Wewe utazilinda. Kopo lisishuke hapa mpaka niseme." Hakuna cheo nilichopata tangu siku hiyo kilichonifurahisha kama kile.

Majira yale ya baridi nilifanya kazi kama mtu mzima. Asubuhi kabla ya basi la shule nilipasua barafu kwenye hori la kondoo kwa nyundo, nikatoa vipande kwa mikono mpaka vidole vikakataa kukunjika. Kuku niliwapelekea maji ya uvuguvugu na makombo ya ugali. Nilijifunza kusoma theluji: hapa sungura amepita, hapa mbweha amezunguka banda mara mbili na kukata tamaa. Kulikuwa na ndege mdogo mwenye kifua chekundu aliyenifuata hatua kwa hatua, akisubiri nigeuze samadi apate minyoo, mlafi asiye na haya, nami nilimpenda sana. Jioni soksi zetu zilikauka juu ya jiko, zikitoa harufu ya kondoo, na upande wa pili wa ukuta tulimsikia Muzee Arthur akikohoa. Tangu mke wake afariki hakutaka kutoka chumbani. Mama alimvalisha, akamketisha dirishani, na hapo alishinda hadi saa ya kulala.

Kosa langu lilikuja mwezi wa tatu. Nilikuwa nimezoea kulishusha kopo Mama akiwa kwa mzee, nihesabu mbegu, nipulize majivu, nijione mkubwa. Jumamosi hiyo nilikuwa nahesabu kwenye sinki nikasikia kuku wanapiga kelele. Nikakimbia nje na kuliacha kopo wazi. Alikuwa mbwa wa mpita njia tu. Niliporudi, bomba lililoganda usiku juu ya sinki lilikuwa limepasuka, maji yanamwagika moja kwa moja ndani ya kopo, na majivu yamekuwa uji wa kijivu. Nililia kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena. Mama akaja mbio, akafunga maji, akatumbukiza mkono kwenye uji ule akatoa mbegu moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimeanza kuvimba. Nje ardhi ilikuwa ngumu kama saruji.

"Ni mimi, Mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyelishusha."

Nilingoja kofi. Akazikusanya mbegu kwenye kanga yake, akasema, "Mbegu ikishalowa haiulizi nani kailowesha. Inauliza itakaa wapi. Njoo unitafsirie."

Akaingia kwa Muzee Arthur, mbegu zote ishirini na tatu kwenye kanga yake iliyolowa, akazifunua magotini pa mzee. Mama yangu hakuwa mtu wa kuomba, na nilijua ilivyomgharimu kusema maneno yale: "Muzee, ulisema kweli, nilikucheka. Sasa nifundishe." Nilitafsiri nikiwa na kamasi hadi mdomoni. Mzee alichukua mbegu moja, akaikagua kwa miwani. Kisha akashika fimbo, akasimama peke yake, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akasukuma kiti chake mbali na dirisha. Lilikuwa dirisha la jua pekee katika nyumba nzima, na chini yake kulikuwa na kipasha joto. "Ziwekeni hapa," akasema. "Mimi nitakaa kokote."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulipanda kwenye makopo ya mtindi, na kila asubuhi mzee aliamka kuyageuza kabla Mama hajafika, akimkaripia akizidisha maji. Kumi na nne zilioza. Tisa ziliota, zikatambaa kwenye kamba za pazia lake, naye akakataa katakata pazia kufungwa. Alitupangia siku ya kuzitoa nje, mwisho wa mwezi wa tano, lakini Mama hakukubali mpaka aguse udongo kwa mgongo wa mkono, vile alivyonigusa mimi nikiwa na homa. "Umepata joto," akasema. Muzee Arthur alikuwa amesimama kando yake na fimbo, na wote wawili walikuwa na majivuno ya kuchekesha. Tisa hizo zilizaa bakuli zima. Mama alimpikia vijiko vitatu, vingine vyote akarudisha kwenye majivu.

Muzee ametangulia mbele ya haki, na kwenye mashamba yake wamejenga nyumba. Mimi nina nyumba Small Heath yenye joto la kubonyeza, na binti yangu hajawahi kupasua barafu ya mnyama yeyote. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Lakini tuna kipande cha bustani tunachokodi, na maharagwe ya bibi yanapanda miti yake kila mwaka. Nani mwingine mjini humu anaweza kusema hivyo?

Mwezi wa kumi uliopita mvua ilinyesha juma zima. Mama Riziki, aliyefika karibuni kutoka Masisi na kupewa kipande jirani na chetu, alikuja na jembe na fundo la kitambaa. Nikamwambia ajizuie, barafu itakuja. Akanicheka waziwazi. "Dada, udongo ndio huu umelainika!" Nilikuwa nafungua mdomo kubishana, Mama akanishika mkono. Amezeeka sasa, anatembelea fimbo ya Muzee Arthur.

"Panda, mwanangu," akamwambia. "Lakini usipande zote." Akakinga kiganja, na binti yangu, bila kuambiwa, akaenda kuleta kopo la majivu.