Maji ya Kwanza ya Sungura

Wakati mimi bado mtoto, pale Kariakoo upande wa Msimbazi, hakuna nyumba iliyonukia kama nyumba yetu. Ukitaka kubisha bisha, lakini watu walikuwa wanashuka basi kituo ambacho si chao, wanafuata harufu, wanakuja kusimama mlangoni kwetu wanajifanya wanauliza njia. Harufu yenyewe ni ya sungura wa chumvi. Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa anaishi Nachingwea. Anawinda na mbwa wake, anawachinja sungura, anawapasua katikati, anawasugua chumvi ya mawe na kuwaanika juani mpaka wanakuwa wagumu kama soli ya kiatu. Halafu anajaza kiroba, anampa mtu wa basi, sisi tunapokea mjini. Mimi mwenyewe nilishagongelea msumari kwa paja la sungura. Ukaingia wote.

Mpishi alikuwa bibi, mama yake baba. Mimi shule ilinishinda darasa la tatu, sifichi, lakini kumpika sungura wa chumvi niite mimi, mahoteli yote ya Posta hayanifikii. Unamloweka kwenye beseni toka jioni. Asubuhi maji yamekuwa ya rangi ya kutu, unamwaga. Hayo, bibi alisema, ni maji ya sungura. Unatia mengine, unachemsha bila kufunika, povu likipanda unamwaga tena. Hayo ni maji ya chumvi. Ya tatu ndiyo ya kwenu binadamu: kitunguu, nyanya, tangawizi, ndimu, moto mdogo mpaka nyama inaachia mfupa, mwisho tui zito. Chumvi hutii hata punje. Na tui usiliache, maana sungura hana mafuta. Bibi alikuwa anasema ukimla mkavu mkavu siku zote anakukausha na wewe, tumbo limejaa huku mwili unalia njaa.

Lakini yale maji ya kwanza yalikuwa na habari yake. Bibi hakumwachia mtu ayamwage. Anatoka nayo mwenyewe mpaka kwenye mtaro wa barabarani, anayamwaga taratibu, anarudi ndani bila kugeuka. Alituambia sungura anakamatwa yumo kwenye mbio. Roho inatoka, mbio zinabaki kwenye nyama, chumvi inazivuta, maji yanazitoa. Mtu akiyanywa, mbio zile zinahamia moyoni kwake, na mle ndani hazina pa kukimbilia. Sisi watoto ule mtaro tulikuwa tunauruka kwa mbali. Mimi niliwahi kuuruka nikatua ng'ambo ya barabara, kwenye meza ya muuza viazi.

Sasa baba. Baba alikuwa mbeba mizigo sokoni, na nisikilize vizuri hapa kwa sababu watu wanadhani naongeza. Gunia la mchele alikuwa analibeba huku anakula muwa. Lori likikwama, wanamwita. Mama alikuwa anamshonea mashati kwa vitambaa viwili kwa sababu mgongo ulikuwa hauingii kwenye kimoja. Kariakoo nzima walimwita Mashine, na mimi mtaani nilikuwa natembea kifua mbele, mtoto wa Mashine, hakuna wa kunigusa.

Halafu mwaka mmoja miguu yake ikaanza kuwa mizito. Asubuhi anaamka kichwa kinamgonga, anajifunga kanga ya mama kipajini, anakaa kitandani kwanza ndiyo anasimama. Sokoni walikuwa wameingia vijana wapya kutoka mikoani, wana miguu kama milingoti ya goli, hawachoki. Magari ya vitunguu yakiingia, matajiri wanawaita wao. Kuna siku nilimpelekea baba chakula, nikamkuta kasimama na kitambaa chake cha kichwa mkononi, na kijana mmoja anamwambia, "Mzee Mashine, hii waachie wajukuu." Wote wakacheka, na baba naye akacheka. Nilikuwa sijawahi kuona mtu anacheka vile.

Ndiyo akaingia Chande. Chande alikuwa rafiki yake, msukuma mkokoteni, mtu mzuri lakini mdomo wake ulikuwa unafanya kazi kuliko kichwa. Alikuja kula kwetu, akasikia habari ya yale maji, akamwambia baba kwamba bibi anamwaga dawa. Kama mbio za sungura zimo kwenye maji, mbeba mizigo anataka nini kingine? Wale vijana wa mikoani, alisema, huko kwao wanakunywa hayo hayo. Nani aliwaona wakinywa, hakusema.

Baba akamwamuru mama amwekee. Kuanzia hapo, kila bibi akiloweka nyama, mama alikuwa anaamka kabla yake, anachota kikombe kutoka kwenye beseni, anajazia maji ya bomba ili bibi asijue. Baba anafumba macho, anakunywa yote, anatetemeka mabega. Mimi nilikuwa namuona kutoka kwenye mkeka wangu. Kiroba kile kilikuwa kikubwa, msimu ule baba mdogo alikuwa amewapata sana.

Mwanzoni ilionekana dawa kweli. Alirudi siku moja amebeba mizigo ya watu watatu, anaimba. Halafu miguu ikavimba. Ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Majirani wakasema amekanyaga kitu, kuna mtu kamtegea sokoni kwa wivu. Bibi yeye hakusema hivyo. Alikaa chini, akaishika miguu ya mwanawe, akainusa mikono yake mwenyewe, kisha akamtazama mama.

"Maji ya kwanza yanaenda wapi?"

Baba ndiye aliyejibu, akasema anakunywa, na hajafa.

"Mfaume," bibi akamwambia, "umekunywa mbio za mnyama. Zitakukimbiza mpaka zikuangushe."

Baba akamwambia bibi yeye ndiye anayekimbiza magunia, asiwe na wasiwasi. Akavaa shati akaenda kazini. Ilikuwa asubuhi, soko limejaa. Kabla ya adhuhuri tukasikia mkokoteni unakuja mbio uchochoroni, na juu yake amelala baba.

Alikuwa ameanguka na gunia la viazi mgongoni. Mdomo umeenda upande, jicho moja limelegea, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Alikuwa anajaribu kuniita, linatoka povu. Soko lote, nakwambia, lilikuwa limemfuata. Hapo siongezi.

Chande alikuwa analia huku ameshika mikono ya mkokoteni. Hakuwa amekuja kumshusha. Alikuja kumchukua mama tu ili waende moja kwa moja hospitali. Bibi akatoka, akasimama mbele ya gurudumu.

"Hapelekwi. Kule watamchoma sindano."

Kwetu hilo lilikuwa linajulikana, hata mimi mtoto nilikuwa nalijua. Mtu mwenye kitu cha namna ile mwilini hachomwi sindano. Ukitoboa ngozi, kile kitu kinapata njia, kinatoka pamoja na roho. Bibi alikuwa na orodha ya watu, wa Nachingwea na wa Kariakoo, waliochomwa wakafa hapo hapo. Alizichora mbio zile kwa maneno yake, akaeleza zilipo mwilini mwa baba na zinavyozunguka zikitafuta mlango. Chande akamgeukia mama. "Shemeji, sema wewe."

Namkumbuka mama alivyokuwa. Mkono mmoja umeshika mguu wa baba, ule uliovimba. Yeye ndiye aliyekuwa anachota kile kikombe. Bibi alikuwa amesema maji yale yatamwangusha, na huyu hapa ameanguka. Sasa bibi huyo huyo anasema sindano itamuua. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mama akasema, "Mshusheni."

Mchana ule wote na usiku, bibi alimfukiza majani, akamkanda kwa mafuta ya nazi, akamnong'onezea mnyama atoke alipoingia. Hakuwa anafanya mchezo. Jasho lilikuwa linamtiririka kama aliyemwagiwa maji, na kila baba akikoroma anamshika uso na kumwita kwa jina la utotoni, jina ambalo mimi nilikuwa sijawahi kulisikia. Kulipokucha baba hakumtambua mama tena. Mama akavaa kanga, akatoka mwenyewe mpaka kwa Chande, akarudi na mkokoteni. Bibi alipofungua mdomo, mama akampita. Hakumsukuma wala hakumjibu. Alimpita tu.

Tulikwenda kwa miguu nyuma ya mkokoteni, bibi wa mwisho. Hospitali bibi alikataa kuingia, akakaa chini nje ukutani. Mimi nikaingia na mama kwa kuwa nilikuwa nimemng'ang'ania kanga. Wakamchoma baba sindano mbele ya macho yangu, nikafumba macho nikisubiri roho itoke. Nilipofumbua, kifua bado kinapanda.

Daktari alikuwa kijana, amechoka. Akamuuliza mama hali hii imeanza lini, mama akasema jana kabla ya adhuhuri. Akauliza alikuwa anakula nini, mama akamweleza nyama, chumvi, kikombe. Yule daktari akavua miwani. Akasema nyama ya sungura yenyewe haina ubaya, ni nyama nzuri, inajenga mwili, ila chumvi ya namna ile imempandisha presha mtu ambaye presha alikuwa nayo zamani bila kujua. Mshipa umepasuka kichwani. Kisha akasema, taratibu, bila ukali, "Mngemleta jana, mama, huu mkono na haya maneno pengine tungeviokoa. Sasa tuombe abaki hai."

Tukatoka. Bibi alikuwa pale pale ukutani, vumbi mpaka usoni. Alionekana mdogo, kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Amechomwa?" akauliza.

"Amechomwa, mama."

"Amekufa?"

"Hajafa."

Bibi akauliza daktari amesema nini. Na alivyouliza, niliona anajua atakachojibiwa, amejikaza kukipokea.

Mama akachuchumaa mbele yake, akamfuta vumbi kwa ncha ya kanga. "Daktari amesema ulifanya vizuri kumzuia jana," akamwambia. "Angechomwa jana, mbio zikiwa bado na nguvu, angekufa."

Watu wananiita mimi mwongo, na nakubali, mimi nikisema jambo huwa linanenepa njiani. Lakini uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuusikia duniani aliusema mama, mwanamke ambaye hata bei ya nyanya hakuwahi kudanganya. Aliusema akiwa ananitazama mimi, na mimi nikaelewa nisifungue mdomo.

Baba aliishi miaka mingi baada ya pale. Hakubeba tena, hakusema tena neno la kueleweka. Mama akashika kuuza mihogo, bibi akabaki na baba. Alikuwa anampikia bila chumvi kabisa, mchicha wa nazi, kuku wa kuchemsha, hata sungura mbichi akipatikana, anamchambulia nyama kwa vidole na kumlisha kama kinda. Baba alikuwa hali kwa mkono wa mtu mwingine. Ukipita unawakuta mlangoni, bibi na mwanawe, naye anamsimulia mpita njia yeyote: huyu nilimzuia kuchomwa sindano siku ya kwanza, hata daktari wa hospitali kubwa alikubali. Mtaa mzima wakalijua. Likavuka Msimbazi, likafika kwa watu tusiowajua.

Bibi alipofariki nilimuuliza mama kwa nini alimdanganya siku ile. Alikuwa anakuna nazi, hakusimamisha mkono. Akasema, "Alikuwa amekaa chini kwenye vumbi. Ningempa nini kingine?"

Mama naye ameshaondoka. Mimi ndiye mkubwa pale nyumbani sasa, na nyumba yetu ndiyo maarufu kuliko zote mtaani, kwa ajili yangu. Juzi juzi tu, mchana, mpangaji wetu mmoja, binti mdogo, mtoto wake alipandwa na homa akaanza kukakamaa na kugeuza macho. Wanawake wakajaa uani. Mmoja, mgeni kabisa, hata kuzaliwa alikuwa hajazaliwa wakati wa baba, akamshika mkono yule binti: degedege hilo, usimpeleke, akichomwa sindano anakufa. Kuna mzee mmoja humu humu Kariakoo, akasema, mama yake alimzuia, na daktari mwenyewe alikiri.

Wale wanaonijua wakanigeukia mimi.

Mimi sijawahi kukosa la kusema. Msibani nasema, harusini nasema, polisi nilishawahi kusema mpaka wakaniachia na kunipa nauli. Pale nilikuwa namuona bibi ukutani, na ile ncha ya kanga.

"Daktari hakusema hivyo," nikawaambia. "Nilikuwepo. Alisema tulichelewa."

Mmoja akaguna, akasema leo mzee naye kaamua kutuvuruga. Sikubishana. Nilimtwaa mtoto mikononi mwa mama yake, nikatoka naye mpaka kwenye bajaji, binti akanifuata kwa kuwa mwanawe alikuwa kwangu. Alichomwa sindano, akapona, sasa hivi yuko uani anavuta mkia wa paka.

Nimekaa nikifikiria. Aliyejua maji ya kumwaga na aliyesimama mbele ya gurudumu walikuwa mtu mmoja, sauti moja, mapenzi yale yale kwa mwanawe, na mimi sioni kama angeweza kujua lipi ni la kweli na lipi si la kweli, wala mama, wala mimi nikiwa mtoto. Neno ambalo bibi alipewa na mama akalilalia mpaka kufa, nimemnyang'anya mbele ya watu, na yeye hayupo. Akija mtoto mwingine nitamnyang'anya tena. Ila kuna watu huniomba niwasimulie jinsi nilivyomwokoa yule mtoto, maana wanajua navyosimulia, na kila wakiniomba nawaambia waniulize lingine.