Kidole Kilichonyooka Kwenye Mwamba wa Likoni

Saa tisa na dakika ishirini alasiri. Jua lilikuwa linachoma, maji yalikuwa meupe hadi chini, nami tumboni nilikuwa na chai tu. Nayataja hayo mapema kwa sababu nawajua nyinyi wapenzi wa visa vya majini: bila usiku wa manane na mwanamke mwenye kwato, hamwamini kitu. Basi huyu hakuwa na kwato. Alikuwa na mapezi ya mpira miguuni, kama yangu.

Kazi yangu ni kupiga mbizi bandarini, kukagua matumbo ya meli. Nilitoka bara hata kuogelea sijui. Leo ninaishi Shika Adabu, na siku za mapumziko huchukua video za samaki wadogo wanaojificha kwenye mwamba ulio nje ya Likoni. Kisha hukaa na vitabu mpaka nimjue kila mmoja kwa jina. Sikufundishwa na mtu. Wanaojiita wataalamu nimewaona: hushuka na kamera zenye bei ya kiwanja, wakayapiga matumbawe mateke, wakapanda juu wakisema leo hakuna kitu. Kitu kilikuwa mbele ya pua zao.

Samaki aliyejificha humjui kwa rangi wala kwa umbo; hivyo viwili ndivyo anavyokudanganyia. Mtafute anapopumulia. Jiwe halipumui. Ukitulia utaona ubavu wa jiwe ukifunguka na kujifunga polepole. Hayo ni matamvua, na umempata.

Mimi hushuka na Bakari, mzaliwa wa Mtongwe, mpiga mbizi mwenzangu wa bandarini. Kazi anaijua. Ila ana miiko ya kwao, na mmoja ulikuwa umenichosha: chini ya maji haonyeshi kitu kwa kidole kilichonyooka. Hukikunja, akaonyesha kwa kifundo.

“Ukikinyoosha, umemwita mwenye bahari,” aliniambia siku ile tena, tukijifunga mitungi ya hewa kwenye mashua.

“Na ukikikunja anadhani huna mkono?”

“Cheka, mtu wa bara. Wallahi, siku utakayoitwa wewe, utanitafuta mimi.”

“Nitakutafuta unishikie taa.”

Tukashuka.

Nilimpata samaki niliyemfuata: mnene kama ngumi ya mtoto, rangi ya sponji, amekaa juu ya mapezi yake kama chura. Juu ya mdomo ana kijiti, na kwenye ncha ya kijiti kuna kinyama mfano wa mnyoo. Hukitikisa. Samaki mpumbavu huja kula mnyoo, akaliwa yeye. Nikamkazia kamera, na nikishakaza kamera, dunia nyingine haipo. Nilisikia mtungi wangu ukigongwa mgongoni. Nikatoa ishara ya “sawa” bila kugeuka.

Baadaye nikaguswa bega. Bakari: miwani yake ya manjano, suti yake yenye kiraka gotini. Akanionyesha chini kidogo, ukingoni mwa mwamba. Palikuwa na samaki mwekundu mwenye manyoya, niliyekuwa nimemwona vitabuni tu. Nikamchukua video. Akaonyesha chini zaidi: mwingine, adimu kuliko yule. Nikafuata. Halafu pale mwanga unapokuwa buluu tupu, akanionyesha samaki asiyekuwemo katika kitabu changu hata kimoja. Niambie, wewe ungegeuka? Maisha yangu yote najifunza peke yangu kama mwizi, na leo samaki asiye na jina ananitazama!

Nikamsogelea. Kwenye kioo cha kamera, kando ya samaki, kikaingia kidole cha Bakari. Kilikuwa kimenyooka.

Nikamgeukia, nikatafuta mapovu. Mtu akitoa pumzi chini ya maji, mapovu humtoka, hakuna ujanja. Kwake halikupanda hata moja. Nikatulia kama nilivyojizoeza, nikatazama anapopumulia. Chini ya sikio, shingo ilifunguka. Ikajifunga. Ikafunguka tena.

Na yule samaki asiye na jina? Alikuwa ameungana na ncha ya kidole kile kwa uzi mwembamba wa nyama. Alikuwa akitikiswa.

Niamini, kabla ya hofu ilinijia dharau. Kazi mbovu! Kiraka cha Bakari kiko goti la kulia. Huyu alikiweka kushoto. Ningempa thelathini kwa mia. Lakini geji yangu ya hewa ilikuwa imeingia kwenye nyekundu, na mkono wake ulikuwa umeshika mkanda wa kamera, unavuta kwenda chini. Nikaufungua mkanda. Kamera ikaenda naye, taa zikiwaka, zikawa nukta, kisha zikazimika kwa pamoja, kama zilizomezwa.

Nilipanda taratibu, maana kupanda kwa pupa nako huua, na kila pumzi niliivuta kwenye mtungi kwa nguvu zaidi kuliko iliyotangulia. Bakari alikuwa mashuani, ameshika miwani yake iliyokatika mkanda.

“Nilikugongea mtungi, ukanijibu sawa!” alifoka. “Muda wote huo ulikuwa na nani?”

“Na wewe.”

Hakucheka. Aliitazama mikono yangu mitupu, akauliza kwa sauti ndogo, “Kilinyooka?”

“Kilinyooka.”

“Vua mtungi, ndugu yangu. Twende zetu.”

Kuna bwana mmoja wa Kiembeni, ana kamera mpya na maneno mengi, huniuliza video iko wapi. Nilimjibu iko kule chini, akaichukue. Bado hajaenda. Mdomo wake ndio mpiga mbizi. Miguu yake haijalowa.

Meli naendelea kukagua, maana lazima tule. Lakini mtu akininyooshea kidole, hata mke wangu akinionyesha chumvi mezani, macho yangu hukimbilia kwanza shingoni mwake. Nyumbani sasa wote wanakunja.

Nawe unayecheka, cheka. Ila ukionyeshwa chini ya maji kile hasa ulichokitamani maisha yako yote, usikitazame hicho; mtazame anayekuonyesha, kama anatoa mapovu. Mimi somo hilo nililipia kamera, kasha lake na taa mbili, na nakuhakikishia nilipunguziwa bei: shilingi laki moja na elfu kumi na sita.