Mtoto Huyu Hatambai

Kila nipitapo kwa fundi viatu karibu na soko la Kongowea, hasa asubuhi akiwa ndiyo kwanza amekata ngozi mpya, hunibidi nisimame kidogo. Sina kiatu cha kushona. Nasimama kwa ajili ya harufu: ngozi mbichi, mafuta ya kulainishia, na chuma kilichoshikwashikwa na mikono yenye jasho. Harufu hiyo hunirudisha Likoni, kwenye ua wa nyumba ya bibi yangu, alasiri ile watu wa kilabu walipovuka kwa feri kuja kuniletea mguu.

Nasema mguu kwa sababu ndivyo tulivyosema nyumbani. Kilikuwa chuma cha kufungia mguu, fito mbili zilizoshikwa na kanda za ngozi zenye bizimu, na chini yake kiatu kizito cheusi. Kisa cha chuma hicho nimekisikia kikisimuliwa na watu wengi, na wengi hukimalizia kwa kusema kwamba bibi yangu alikuwa na kiburi. Basi nitakieleza kwa mpango wake, kisha msomaji atajiamulia.

Nilikuwa mdogo sana nilipopata homa iliyoniacha na mguu wa kushoto mwembamba kama mchi. Majirani walisema ni kijicho. Dresa wa zahanati alisema ni polio. Bibi alisema ni mguu tu, na wa pili upo.

Kwa muda nilitambaa. Kisha babu mmoja wa jirani akanichongea gongo la mpera, na siku nilipoweza kusimama nalo kutoka mlango wa uani hadi jikoni, Bibi alikaanga kaimati akawagawia watoto wa mtaa wote. Alisema mbele yao, "Kutambaa kumekwisha." Tangu siku hiyo ilikuwa sheria. Nikianguka, nililetewa gongo langu nikainuka nalo, hata ikinichukua muda, hata mvua ikinyesha. Mama alikuwa akigeuza uso asinione nikihangaika, lakini naye aliishika sheria.

Taabu ilikuwa ni shule. Chuo cha Kurani kilikuwa nyumba ya tatu, nikifika kwa gongo. Lakini shule ya serikali ilikuwa mbali, na njia yake ni mchanga mtupu unaomeza gongo kama uji umezavyo mwiko. Mwalimu mkuu alimwambia mama kwa upole kwamba hawana mtu wa kubeba watoto. "Akiweza kuja kwa miguu yake, mleteni." Wenzangu waliingia darasa la kwanza. Mimi nilikaa barazani nikisoma maandishi ya mifuko ya unga.

Ndipo yule dresa alipotuambia kwamba ng'ambo, kisiwani, kuna kilabu cha Wazungu na Wahindi wenye biashara zao, ambacho kazi yake ni kusaidia watu bila malipo. Alinipima mguu kwa kamba, akaondoka na ile kamba. Baadaye akaleta habari: chuma kimefika kwa meli, na wanachama watakileta wenyewe. "Chama kitawazuru nyumbani," akasema.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia, kwa neno hilo chama. Maana Bibi naye alikuwa na chake.

Bibi, Bi Mwanamkuu, alikuwa mkuu wa Stara, chama cha kina mama cha lelemama. Siku za Idi walipiga ngoma wakashindana na vyama vingine kwa nyimbo na mavazi. Lakini siku nyingine zote, ambazo ndizo nyingi, Stara ndiyo iliyoosha maiti za wanawake, ikapika matangani, ikakaa na waliojifungua wasio na ndugu, ikawajengea jiko jipya waliounguliwa nyumba. Hakuna aliyelipwa. Na vyama vilipozuruana palikuwa na desturi yake: wageni hupokewa kwa sare, udi na marashi, hulishwa washibe, na wakileta zawadi hawaondoki mikono mitupu. Ukipewa kitu kizuri nawe hutoa kizuri zaidi, la sivyo utaimbwa mpaka Idi ya pili.

Kwa hiyo dresa aliposema chama kitatuzuru, Bibi hakufikiria msaada. Alifikiria ugeni. Aliagiza sare ya kanga, akawapanga wapishi, akatafuta chetezo kubwa. Kina mama walisuka mikeka wakiimba ukumbini. Mimi nilishonewa gauni la rangi ya waridi lenye mkanda wa kufunga nyuma, nikatiwa hina hata kwenye nyayo, mguu mzima na mguu mbovu sawasawa.

Wageni walikuja na Landrova, watu watano. Watatu nitawataja. Mwenyekiti alikuwa Mzungu mrefu wa makamo, mwenye beji ndogo kwenye kola na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mwingine kijana, amening'iniza kamera. Wa tatu alikuwa Bwana Kanji, mwenye duka la vyombo vya chuma kisiwani, aliyezaliwa Mombasa na kukisema Kiswahili chetu kama sisi. Yeye ndiye aliyekuwa akitafsiri.

Walipoingia uani walisimama ghafla. Wanawake wa Stara walikuwa wamepanga safu mbili kwa sare, wanagonga pembe kwa vijiti na kuimba. Mmoja akawanyunyizia marashi. Mwenyekiti alitazama nyuma, kama anayedhani wamekosea nyumba, wakaingia kwenye harusi.

"Huyu mbona amejifunga kisanduku kifuani kama muuza karanga?" akanong'ona Bi Zuhura, aliyekuwa mwimbaji wa chama, akimwonyesha mwenye kamera.

"Nyamaza, asije akakuuzia," mwenzake akamjibu, na safu nzima ikatikisika kwa kicheko.

Walikalishwa, wakala. Mwenyekiti alikula biriani kwa adabu, kisha kwa njaa. Halafu akasimama akatoa hotuba, na nakumbuka Bibi alivyokuwa akiisikiliza, ameinamisha sikio upande wa Bwana Kanji. Alisema kilabu chao kina ndugu katika nchi nyingi. Kila mwanachama ana kazi yake lakini hutoa wakati wake bure. Chuma hiki kimetolewa na ndugu zao wa mji mmoja wa Ulaya ambao hawajawahi kutuona. Na sasa wanakusanya vitu vya kuwapelekea watu wa Mto Tana waliofukuzwa na mafuriko.

"Kama sisi," akasema Bibi, ameridhika. "Mwambie ni kama sisi."

Bwana Kanji alimwambia. Mwenyekiti akatabasamu jinsi mtu anavyomtabasamia mtoto aliyesema atakuwa rubani.

Chuma kikatolewa kwenye sanduku, kikalazwa mkekani. Mama alikuja akapiga magoti, akakishika kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona akishika kitu namna ile isipokuwa msahafu. Nami nikaisikia ile harufu.

Mwenye kamera alikuwa akizunguka ua akitafuta kitu. Alinipita mara mbili. Mwishowe akauliza, na Bwana Kanji akatafsiri, "Mtoto mgonjwa yuko wapi?"

"Hapa hapana mgonjwa," akasema Bibi. "Mwenye mguu ni huyu."

Kijana alinitazama, gauni, hina, utepe wa nywele, akamgeukia mwenyekiti wakasemezana. Bwana Kanji aliwasikiliza, akakuna shingo. Alipozungumza hakumtazama Bibi.

"Bi Mkubwa, wanataka picha mbili. Moja ya kabla, moja ya baada. Ile ya kabla, wanaomba mtoto avuliwe gauni, avae kikanga cha kazi. Halafu atambae kidogo. Kutoka pale mlangoni mpaka kwenye chuma."

Nilimtazama Bibi, kwa sababu nilikuwa najua sheria, na nilitaka kujua kama sheria ina mlango wa nyuma.

"Mwambie hatambai," akasema Bibi.

"Ni dakika moja tu, Bi Mkubwa."

"Nimesikia. Hatambai. Ana gongo, anatembea. Mwambie ampige picha akitembea."

Mwenyekiti alijibu bila hasira, na sitaki kumsingizia. Alisema wale wa Ulaya hawatuoni. Wakiona picha, watatoa tena. Wasipoona, watajuaje kwamba vyuma vinahitajika? Wapo watoto wengine Mtongwe, wapo Changamwe. Picha hii ni kwa ajili yao.

Hayo yalikuwa maneno ya kweli, na ndiyo maana yalikuwa mazito. Hata Bi Zuhura aliinamisha macho.

"Bwana Kanji," akasema Bibi, "niulizie. Hao ndugu zao wa Ulaya, wakifiwa wakasaidiwa, hupigwa picha wakigaragara?"

"Bi Mkubwa, usinitie mimi katikati."

"Uko katikati tangu ulipopanda feri. Niulizie."

Aliuliza. Mwenyekiti akamgeukia kijana. Alimwambia neno fupi, na kijana akainama akaanza kukikusanya chuma, kanda na kiatu, kukirudisha sandukuni. Sijui hadi leo kama walikusudia kuondoka nacho au walikuwa wanatujaribu tu. Najua kwamba mikono ya mama ilikuwa bado imekishika, na yule kijana akangoja.

Kisha mama akakiachia. Alisimama, akaja nyuma yangu, akaufungua mkanda wa gauni. Nilidhani ananivua. Akaufunga upya, kwa nguvu, na fundo kubwa zaidi.

Bibi alipoliona fundo lile alipiga kofi moja. "Stara, toeni zawadi za wageni."

Ikatoka mikeka, mizuri yenye kazi ya rangi, mzigo baada ya mzigo. Zikatoka kanga mpya jozi kwa jozi, nazi kavu, magunia ya mahindi ya mashamba yetu. Kina mama walivipanga mbele ya miguu ya wageni mpaka yule kijana ikambidi arudi nyuma.

"Mwambie mwenyekiti mwenzangu," akasema Bibi, "tulikuwa tumewatayarishia wao. Lakini wamesema kuna watu wa Tana wamelala mitini. Vipelekwe huko, kwa jina la Stara. Na mwambie vizuri, usikate neno: vinakwenda wakiacha chuma, na vinakwenda wakikichukua. Sisi hatufanyi biashara."

Bwana Kanji alitafsiri, na safari hii hakukuna shingo. Alisimama wima, akasema kwa sauti, neno kwa neno. Mwenyekiti aliiva uso mzima hadi masikioni. Alivitazama vile vitu, akaitazama safu ya sare. Halafu akakichukua chuma sandukuni kwa mkono wake mwenyewe, akakirudisha mkekani.

Tukapigwa picha moja. Wao watano na Stara yote, wamesimama pamoja, na mimi mbele na gongo langu, kidevu juu kwa sababu Bi Zuhura alikuwa amekishika kwa nyuma kwa kidole.

Picha hiyo haikwenda popote. Bwana Kanji, aliyekuwa akituletea mafuta ya kulainishia ngozi kila avukapo, alituambia kwamba gazeti la kilabu huko Ulaya lilichapa picha ya mtoto wa nchi nyingine, anayetambaa. Na mwaka uliofuata kilabu hakikuvuka Likoni. Vyuma vilienda kwingine. Kwa hiyo msomaji asidhani sijui gharama. Watoto wawili wa Mtongwe walingoja, na mama zao walilisema jina la bibi yangu kwa uchungu. Stara yenyewe iliwachukua watoto hao, kwa feri, kwa sare, ikakaa nao kwenye mabenchi ya hospitali kisiwani siku baada ya siku mpaka wakapimwa. Walipata, lakini wamechelewa.

Mimi nikaingia darasa la kwanza nikiwa mrefu kuliko wote, kiatu cheusi kikiacha tundu katika mchanga wa njia nzima. Bendera ilipobadilishwa nilikuwa nimeshajua kusoma magazeti, na nimekuwa nikiyasoma na kuyaandikia tangu hapo. Nimeona picha nyingi za watoto wanaotambaa. Katika kazi yangu nimetakiwa nizipige, na nimekataa, nikaambiwa kwamba nina kiburi cha nyumbani kwetu. Ni kweli, ninacho.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile jasiri alikuwa Bibi. Ndiye aliyesema, na mtoto husikia anayesema. Ilinichukua mpaka nilipokuwa na mtoto wangu mwenyewe, amelala mgongoni mzito kama gunia, kuhesabu nani alikuwa na nini cha kupoteza. Bibi alikuwa na chama chake na jina lake. Angeondoka pale na heshima kwa hali yoyote. Mama ndiye aliyekuwa amekishika chuma, na ndiye aliyekiachia.

Nikaenda kumuuliza. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua kichwa.

"Ungalifanyaje, mama, wangaliondoka nacho?"

"Ningalikubeba."

"Mpaka shuleni? Kila siku?"

"Shule iko wapi, mbinguni?"

"Mpaka lini, mama?"

Akapuliza makapi, akautikisa ungo.

"Mpaka uniambie nikutue."