Manyoya ya Fundichuma wa Mwakitolyo

Mageni, tunayemwita Mama Luka, anaosha dhahabu Mwakitolyo tangu mashimo ya kwanza hayajamfika mtu kiunoni. Mchanga wa mawe anauchanganya na zebaki kwenye karai, kwa mikono mitupu. Hakuna wa kumshinda, ukiniondoa mimi, ambaye sijawahi kujaribu.

Philomena, mtoto wa dada yangu, yuko chuo kikuu. Akili karithi kwa mjomba. Mimi darasa la sita niliacha kwa hiari, nisiwaonee wenzangu. Chuoni kwao kuna makumbusho ya wanyama, droo zimejaa ndege waliokaushwa. Mmoja ni fundichuma, yule ndege mwenye kichwa kama nyundo, aliyekamatwa bonde hili kabla ya machimbo. Philomena alishapima zebaki kwenye manyoya yake. Sasa alitaka ya fundichuma wa leo, alinganishe. Kiota kiko juu ya bwawa analooshea dhahabu Mama Luka, akamwomba amwokotee yaliyoanguka.

Mama Luka akaninong'oneza, "Wakikuta zebaki watanifungia bwawa. Nitakula nini?"

Lakini mgeni hanyimwi. Akayaokota, akayasugua kwa sabuni mpaka yakang'aa.

"Shikamoo, Mama Luka. Mbona yananukia?" akauliza Philomena alipokuja kuyachukua.

"Marahaba. Mgeni hapewi kitu kichafu."

"Umeyaoshea wapi?"

Akaonyesha karai lake la dhahabu.

"Mama Luka," nikasema, "umemficha mwizi kituo cha polisi."

Philomena hakucheka. "Zebaki aliyokula ndege imo ndani ya unyoya, sabuni haiitoi. Karai nalo limeongeza yake. Haya hayapimiki."

Akatoa simu, akamwonyesha picha ya yule wa kwenye droo. Mama Luka akaitazama sana.

"Huyu alikuwa anakula nini?"

"Vyura. Samaki wa bonde hili."

"Hata kambare?"

"Wale wadogo."

Mama Luka akageukia jikoni, ambako kambare wa bwawa lile walikuwa wanachemka, wajukuu wamekaa wanawasubiri. Nilikuwa na utani mwingine mdomoni, nikaumeza.

"Na wakilifunga?"

"Sijui, Mama Luka. Siwezi kukudanganya."

Akaipua sufuria, akaiweka juu, mbali na watoto. Akakaza kanga, akashuka bwawani. Alirudi na manyoya yenye matope kwenye mfuko mpya, kayaokota kwa kijiti.

"Yachukue hivyo hivyo, ng'wanone, mwanangu. Ila majibu niletee mimi kwanza, kabla ya serikali."