Mshikio Ulioachwa Mlangoni

Mishikio ya kamera ilikuwa saba, imelala ndani ya kopo la biskuti kama vijiko vilivyookotwa kwenye nyumba saba. Bi Gulshan aliimwaga kitandani asubuhi ya Alhamisi. Alifunga mlango ingawa alikuwa peke yake nyumbani, ndipo akautoa mkono wake wa kulia chini ya rida, vazi lake la Kibohora. Vidole vilikuwa vimejikunja kama vya mtu aliyeshika yai. Vilikuwa hivyo tangu mwezi wa Rajabu, na hakuna aliyejua. Hata binti yake Shazia, aliyeolewa Dar es Salaam, hakuambiwa. Kwa daktari alikwenda Muheza, mahali ambapo hakuna anayeuliza huyu ni mke wa nani.

Alikuwa mjane wa Hakimuddin, mpiga picha, mwana wa mpiga picha. Simu zilipoingia, studio nyingine zilifungwa moja baada ya nyingine. Ya Hakimuddin ilibaki kwa sababu moja. Siku ya kumtoa bibi arusi nje, anapokaa amepambwa mbele ya wanawake peke yao, simu zote huachwa kapuni mlangoni, maana kuna bibi arusi mmoja ambaye picha yake ilikuwa imeshafika kwenye simu za wanaume kabla hata hajafika kwa mumewe. Tangu hapo watu wenye heshima zao walimwita Bi Gulshan na kamera yake ya filamu, ile ya lenzi mbili unayoiinamia kwa juu. Alipiga, akaosha mwenyewe, akakabidhi picha pamoja na ukanda mzima wa filamu. Kwake hakikubaki kitu. Baba mkwe wake alifanya hivyo, na mumewe vilevile.

Lakini harusi ya mwisho, kule Usagara, picha zote zilitoka zimetikisika. Aliwaambia filamu ilikuwa mbovu. Ukanda ule bado ulikuwa kwenye saraka yake. Leo alikuwa akingojewa nyumbani kwa Bi Mastura, ampige picha mwanawe Nasra. Akiharibu tena, watasema studio ilikufa na Hakimuddin.

Akaanza kuchambua. Wa kwanza ulikuwa wa mti, mzuri, ila kifyatulio chake kilisukuma sindano juu moja kwa moja. Huo ulikuwa wa kamera ya sinema. Wa pili ulikuwa na mkono mrefu wa pembeni wa kubebea taa, hauna kifyatulio kabisa. Wa tatu skrubu yake ilikuwa nene kuliko tundu la kamera. Wa nne skrubu yake ilikuwa ndefu mno, na Hakimuddin alikuwa akisema skrubu ndefu hupasua sakafu ya kamera ukadhani umekaza vizuri. Wa tano ulikuwa umevunjika. Wa sita ulikuwa wa chuma cheusi, umesimama wima kama kitako cha bastola, na waya wa kufyatulia ukitokea ubavuni. Aliupeleka chini ya kamera. Skrubu ikaingia mizunguko minne, ikakaa. Akabonyeza kifyatulio na kuangalia ncha ya sindano ikichomoza mwishoni mwa waya. Ilitoka urefu wa punje ya mchele. Inatosha. Akaifunga ncha ile kwenye kitufe, akashika kwa mkono wa kushoto peke yake, akabonyeza. Kamera ikalia "tik," wala haikutikisika.

Bi Gulshan aliketi kitandani akalia kidogo, kisha akanawa uso. Aliufungua mshikio kutoka kwenye kamera akautia mkobani, maana hakutaka watu wauone akiwa njiani.

Alasiri, mlangoni kwa Bi Mastura, kapu la simu lilikuwa limejaa. Aliyelilinda ni Nasma, mdogo wake Mastura, mwanamke wa sauti kubwa.

"Shikamoo, Mama Shazia. Hebu mkoba."

"Marahaba. Hata mimi?"

"Hata mama yangu mzazi nimempekua." Akatoa mshikio, akauinua juu. "Ehee! Jamani njooni muone! Bi Gulshan naye kanunua fimbo ya selfi!"

Wanawake wakacheka. "Zama zimemkuta!" akasema mmoja.

"Si fimbo ya selfi. Ni mshikio wa kamera."

"Mshikio? Una waya, una kifyatulio. Na kamera hiyo si umeishika miaka yote kwa mikono yako? Leo imeota uzito?"

Jibu lilikuwa chini ya rida, limejikunja. Bi Gulshan alilimeza.

"Basi niwekee," akasema. "Nitaupitia nikitoka."

Ndani, Nasra alikuwa amekaa karibu na dirisha, hina imemfika viwikoni, macho ameyainamisha. Mwanga ulikuwa mzuri, lakini haukuwa wa kungoja. Taa ya kamera ilikufa zamani. Bi Gulshan aliikumbatia kamera kifuani, akabana pumzi, akabonyeza kwa kidole cha kushoto. Aliiona sura ya Nasra ikicheza kwenye kioo. Akapiga ya pili. Mkono wa kulia, ulioegemea kamera chini ya nguo, ulikuwa ukitetemeka kwa amri yake wenyewe. Ya tatu alijua imeharibika kabla hajaipiga.

Bi Mastura akamsogelea sikioni. "Mama Shazia, una homa? Watu wa upande wa bwana arusi wanaingia sasa hivi. Wakishamtunza, nampeleka ndani."

Zilibaki picha tisa. Bi Gulshan aliutazama mlango. Ulikuwa hatua kumi, na kila hatua alimwona Hakimuddin na shati lake lililopigwa pasi, akimngoja aseme uongo mwingine.

"Nasma, nipe mshikio wangu."

"Si tumekubaliana..."

Bi Gulshan akautoa mkono wa kulia mbele ya watu wote. "Tazama. Haushiki. Tangu Rajabu."

Nasma akautazama ule mkono, kisha akamtazama usoni. "Na zile picha za Usagara?"

"Filamu ilikuwa nzima. Mbovu nilikuwa mimi."

"Ungetuambia, Bi Gulshan. Tungetafuta mwingine."

"Ndiyo maana sikuwaambia."

Nasma akampa mshikio. Bi Gulshan aliibana kamera katikati ya magoti, akakaza skrubu, akafunga waya. Alipima masafa ya hatua nne, akaiacha lenzi hapohapo ili asihangaike kuirekebisha tena. Kila baada ya picha aliubana mshikio kwapani, akazungusha filamu kwa kushoto. Wanawake walimwachia nafasi kubwa kuliko ilivyohitajika. Wengine walinong'ona. Alisikia jina la mumewe likitajwa.

Kesho yake, ukanda ulipokauka kwenye chumba cha giza, picha tisa zilikuwa zimesimama, hata mistari ya hina inahesabika. Tatu za mwanzo zilikuwa kama kitambaa ndani ya maji. Mkasi ulikuwa mezani. Mkato mmoja tu, na Mastura asingeona. Aliushika mkasi muda mrefu. Kisha akaurudisha, akafungua saraka, akatoa na ukanda wa Usagara.

Bi Mastura aliuinua ukanda kwenye mwanga wa mlango wake, akahesabu.

"Hizi tatu?"

"Hizo nilipiga bila mshikio."

"Ungezikata." Mastura aliushusha ukanda. "Maana watu washaanza kuusema mkono wako, Mama Shazia. Sikufichi. Mtu wa harusi ya Jumamosi ameshaniuliza kama namjua mpiga picha mwingine."

"Wauseme. Lakini hakuna atakayesema picha ya mwanao imebaki kwangu."

Mastura alimkaribisha chai. Bi Gulshan alishukuru, akakataa. Bahasha ya pili ilikuwa bado kwapani, na Usagara kulikuwa na mama mwingine aliyeambiwa uongo.